Nyutrino na Anti wa Lushebere

Kwenye matanga ya Prof Bauma, hapa Goma, waliniomba niseme maneno machache kwa niaba ya wanafunzi wake wa zamani. Nikasema yale yanayosemwa siku zote: kwamba alikuwa mwalimu mwema, kwamba hakuwahi kuchelewa darasani, kwamba aliipenda fizikia yake. Watu wakatikisa vichwa, nami nikarudi kwenye kiti changu cha plastiki chini ya hema nikiwa nimejikasirikia, maana nilikuwa nimemzungumzia marehemu kama mtu anayesoma tangazo redioni. Ukweli wake sikuweza kuusema pale. Katika safu ya mbele, amevaa kofia ya sufi na koti zito la watu wa Butembo, alikuwa ameketi Papa Kasereka. Amezeeka sana, na alikuwa amesafiri njia ndefu na mbaya kuja kumzika mwalimu wa binti yake. Binti huyo alikuwa Kavira, rafiki yangu, aliyekufa mwaka ule wa vita nilioishi naye chumba kimoja. Tangu hapo Papa Kasereka amenipokea kwake, amenilisha, amesimama kama mzazi wangu siku ya harusi yangu, na katika miaka yote hiyo kuna jambo moja ambalo hakuwahi kuniuliza: ilikuwaje Kavira akapanda lile gari. Nimeishi nikiiogopa siku atakayoniuliza. Nilipomwona ameketi pale, mikono juu ya fimbo, ananitazama mimi badala ya kulitazama jeneza, nikajua siku yenyewe imefika.

Jamaa zangu nitawaacha kando. Walikuwa wakulima wa mlimani, na kwa haya ninayoandika hilo linatosha. Mwaka wenyewe ulikuwa wa mwisho wa sekondari, ule wa mtihani wa taifa, ambao kwetu mtu huusubiri kama wengine wanavyosubiri kupewa uraia. Mimi na Kavira tulisoma hesabu na fizikia kule Lushebere, karibu na Masisi, kwa sababu shule nyingine zote za jirani zilikuwa zimefunga mchepuo huo kwa kukosa walimu au kwa kukosa wanafunzi, au vyote viwili. Yeye baba yake alikuwa na nyumba Butembo, duka Kitshanga na magari yanayobeba mizigo hadi Walikale; mimi nilikuwa na kikapu cha viazi. Tulipanga chumba kimoja nyuma ya nyumba ya Prof Bauma, chumba chenye kitanda kimoja na dirisha la karatasi ya nailoni lililopumua kila upepo ulipopita. Tulifanana urefu na rangi, na nywele tulisukana wenyewe kwa wenyewe, kwa hiyo watu wa mbali walitudhani ndugu. Wa karibu hawakukosea. Kavira aliongea polepole na kila mtu alimpenda kabla hajamaliza salamu. Mimi nilibisha. Nilibisha na walimu, na mapadri, na wauza sabuni, na hata leo mume wangu husema kwamba nikiambiwa mvua inanyesha lazima nitoke nje kuhakikisha.

Darasa letu lilikuwa na wenyewe wawili. Usiku lilikuwa la watu waliokimbia vijiji vyao na kukosa nafasi kambini; asubuhi walikunja mikeka, wakabeba sufuria na watoto, wakatoka, nasi tukaingia. Joto lao lilibaki kwenye madawati, na harufu ya moshi wao ilikaa kwenye madaftari yetu. Mwanzoni mwa mwaka tulikuwa darasa zima. Kufikia mvua kubwa tulikuwa tumebaki wanne, kwa kuwa wengine walikimbilia Goma, na wengine hatukujua walikokimbilia. Prof Bauma aliwafundisha wanne wale kwa sauti ileile ya kufundishia arobaini. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, na ujana wake ulikuwa Kinshasa, kwenye chuo kilichokuwa na kinu kidogo cha nyuklia mlimani. Huko alikuwa ameanza kuandika kazi yake kubwa kuhusu namna chembe zisizoonekana, nyutrino na antinyutrino, zinavyogusa viini vya atomu, kila moja kwa njia yake. Hakuimaliza. Baba yake alikufa, fedha zikaisha, akarudi Masisi na sanduku la karatasi. Kupitia ukuta wa mbao tuliwasikia yeye na mkewe, Mama Jeanne, wakizungumza wakati wa kula.

"Bauma, tule tududu twako twenye hatuonekanake, tutatulisha?"

"Twenyewe hatukule, Mama Jeanne. Njo uzuri yatwo. Hatukuombake kitu."

"Basi na weye ujifunze kwatwo, uache kuniomba bugali."

Kisha kicheko chake Mama Jeanne, na sauti ya kijiko kwenye sahani. Mimi na Kavira tulibana vinywa kwa shuka.

Somo la maharage lilikuja siku moja ambayo chaki zilikuwa zimekwisha. Prof aliingia darasani na beseni la bati na kikapu cha maharage ya mkewe, akatuambia tuyachambue: meupe huku, mekundu huku, na mengine yote, meusi, ya manjano, yenye madoadoa, tuyaweke kando. Tulichambua kwa furaha kama watoto wa chekechea. Kisha akaanza kujaza beseni.

"Bon. Hii bassin njo kiini. Maharagi ya nyeupe iko protoni, ya nyekundu iko nyutroni. Na hii kiini iko ya plomb, ile chuma nzito ya batri ya gari. Muangalie: mu plomb nyekundu iko mingi kupita nyeupe. Juu ya nini? Juu protoni zinasukumana, hazipendane. Nyutroni njo zinasaidia kuzishika pamoja."

Akainua mkono wake mtupu, vidole vimebana kitu kisichoonekana, akauleta juu ya beseni taratibu.

"Sasa nyutrino inakuja. Inatoka ku jua. Inapita mu ukuta, mu mulima, mu tumbo yako, haipige hodi. Lakini kati ya zile zote hazihesabike, moja siku moja inagusa nyutroni." Akatoa harage jekundu, akaweka jeupe. "Nyutroni inageuka protoni, na elektroni inatoka mbio."

"Na nyutrino yenyewe, Prof?" Kavira akauliza. "Inaenda wapi kisha pale?"

"Haiende tena fasi. Ile imepokelewa imekwisha. Zenye kuendelea na safari ni zile hazikupokelewa."

Hatukulitilia maanani neno hilo. Tulikuwa tunasubiri ya pili, kwa kuwa alikuwa tayari ameinua mkono mwingine. Antinyutrino, alisema, inatoka kwenye mawe, kwenye udongo tunaoulima, hata kwenye ndizi za Mama Jeanne. Ukiiweka kando ya mwenzake hutaona tofauti: haina umeme, uzito wake ni kama hakuna. Moja hujizungusha kushoto inapokwenda, nyingine kulia, na basi. Lakini hii haitafuti nyutroni. Hii inatafuta protoni, iigeuze kuwa nyutroni. Akatoa harage jeupe, akashika jekundu, akabaki nalo hewani juu ya beseni.

"Na hii nyutroni mupya itaikala wapi? Muone, viti vya chini vya nyutroni vimejaa kabisa. Itabidi ipande juu sana, na kupanda kunaomba nguvu yenye Anti mara mingi haina. Njo maana plomb inafungulia nyutrino mulango, na Anti inamukataa."

"Prof, hiyo si haki," nikasema.

Darasa likacheka, wote watatu. Prof naye akacheka.

"Fizikia haina haki, dada. Iko na milango tu. Lakini usilie, kuko nyumba yenye kupenda Anti. Maji. Mu maji muko hidrojeni, na kiini ya hidrojeni ni protoni moja, peke yake, nyutroni hakuna. Nyutrino akifika pale hamukute ule anatafuta. Anti akifika, anamukuta. Unaona? Bale bawili hauwezake kusema nani anapokelewa na nani anakataliwa mbele haujauliza ni nyumba gani."

"Na nitajua namna gani nani alipita, kama zote zinafanana?"

"Utaangalia nini ilibaki mu nyumba. Ikibaki elektroni, ni huyu. Ikibaki positroni, ile elektroni ya umeme wa plus, ni ule. Kwa sura hautajua hata siku moja."

Tangu siku ile Kavira akawa Nyutrino, kwa kuwa alipita kila mahali bila kelele, na mimi nikawa Anti, kwa sababu zisizohitaji kuelezwa.

Lakini somo halikuishia hapo. Mama Jeanne alipita mlangoni, akaona kikapu chake. Nitaeleza, kwa sababu asiyelima kwetu hatajua tulichokuwa tumekifanya. Wanawake wa Masisi hawapandi harage la aina moja. Kila nyumba ina mchanganyiko wake: yapo yanayovumilia mvua nyingi, yapo ya jua, yapo ya udongo uliochoka, na mama humwachia binti yake si mbegu tu bali na kiasi cha kila mbegu ndani ya kikapu. Mwaka ukiharibika kwa hili, lile litazaa. Tulikuwa tumeuvunja mchanganyiko wa mbegu za msimu, zile alizofika nazo kwenye ndoa yake, na hakuna kati yetu aliyekumbuka ulikuwaje. Mama Jeanne alisimama akitazama vilima vyetu vidogo, cheupe na chekundu na kile cha pembeni.

"Nani alitenga mbegu yangu?"

"Ni mi, Mama Jeanne," Prof akasema. "Ni ya somo tu. Nitarudisha."

"Utarudisha namna gani? Mama yangu alichanganya hii mbegu mbele sijazaliwa! Weye umeikuta iko pamoja, umeikala unaitenga kwa rangi, sawa vile bale benye kutuua."

Prof alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mama Jeanne naye, nadhani, aliogopa ukubwa wa neno lake, kwa maana aliketi kwenye dawati la mbele, akavuta beseni mapajani, akaanza kuchanganya upya kwa kukisia, gao la haya, nusu gao la yale, akinung'unika kwa Kihunde. Tulimsaidia mpaka wenye darasa wa usiku walipoanza kurudi na mikeka yao. Kiasi alichokuwa hana uhakika nacho akakipika, tukala na viazi, mwalimu na wanafunzi na watoto wa wale waliokimbia. Kavira alisema amekula kiini cha plomb na haoni uzito wake. Tulicheka, lakini Prof hakula sana.

Nafundisha hesabu sasa, na mara kwa mara mwanafunzi huniuliza kama kweli kuna vitu vinavyopita ndani ya mwili wake muda wote bila yeye kuhisi. Najibu kwamba ndiyo, na narudi haraka kwenye hesabu. Ninaweza kueleza habari hizo kwa usahihi kuliko Prof alivyoweza, kwa kuwa vitabu vimeongezeka. Ninachoshindwa ni kuzieleza bila kuona wasichana wawili kwenye njia ya msitu.

Vita vilishuka kutoka mgongo wa mlima tukiwa darasani, mchana, siku ya mvua. Njia ya Goma ilikuwa imefungwa, hivyo waliokuwa na miguu walielekea upande wa machweo, kwenye msitu, kuelekea Walikale. Tulikwenda na Prof, Mama Jeanne na watoto wao wawili wadogo. Sitaeleza safari nzima, kwani kila mtu wa kwetu anayo yake na zote zinafanana. Nitaeleza kijiji kimoja tu, pale milima inapokwisha. Bibi mmoja alitupokea. Lugha yake na yangu ni za karibu, na nilipomwamkia alinishika mikono yote miwili, akaniweka kwenye kigoda kando ya moto, akanipa ndizi za kuchoma. Kisha akamtazama Kavira, akamsikia anavyosalimu, akatambua ni wa wapi. Kijiji kile kilikuwa na kinyongo cha zamani na watu wa maduka. Sababu zake sikuzielewa zote.

"Ule wa duka abakie inje," bibi akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeonyesha mahali pa kuweka mzigo.

Nilibisha, bila shaka. Nilipoona haisaidii nikachukua ndizi zangu nikamfuata Kavira nje, tukakaa chini ya ukingo wa paa, migongo ukutani, maji yakitudondokea vidoleni.

"Leo tuko mu maji, Anti," akaniambia, akimega ndizi. "Weye njo wanakufungulia. Usihangaike, plomb yangu itafika."

Plomb yake ilikuwa Walikale. Pale kulikuwa na wafanyabiashara wa kwao, wenye maduka kando ya barabara kubwa ya Bukavu na Kisangani, na bohari ya baba yake yenyewe, na kanisa ambako Jumapili walikaa safu moja. Walimkumbatia Kavira huku wakilia. Wakampa kitanda chenye chandarua na chai ya maziwa. Kisha wakanitazama mimi.

"Na huyu iko nani?"

"Iko ndugu yangu," Kavira akasema.

"Wa kwenu?"

"Wa Lushebere."

Wakati ule mtu aliyetoka Masisi bila jamaa pale Walikale alitazamwa kama anayeburuta vita nyuma yake kwa kamba. Siwalaumu sana, walikuwa wameona wengine wakifika na vita vikafuata kweli. Nikapewa nafasi boharini, kati ya madumu ya mawese na magunia ya mchele. Prof na familia yake walilala kwa katekista mmoja, na kila asubuhi Prof alikuja boharini kutufundisha, maana mtihani ulikuwa bado mbele yetu na yeye hakukubali kwamba vita ni sababu. Aliandika kwa mkaa kwenye mlango wa bohari. Siku aliyoona ninapolala na anapolala mwenzangu, alichora mduara mkubwa mlangoni, akaujaza nukta kama maharage ya lile beseni, akanitazama kwa huzuni. Nilielewa. Kavira aliendelea kuniletea nusu ya mkate wake, na wenye nyumba walipojua wakaanza kumkatia mkate mkubwa zaidi. Hawakuwa watu wabaya.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Habari zilifika kwamba mji utaingiwa wakati wowote, na kwamba mtihani utafanyika upande wa Kisangani kwa watakaofika. Kulikuwa na gari moja tu la Papa Kasereka lililokuwa bado linatembea. Yeye mwenyewe alikuwa amekwama Kitshanga, na aliongea na watu wake kwa fonia, ile redio ya kuitana ya wafanyabiashara, iliyokuwa kwenye chumba kidogo kilichopakana na bohari. Nilikuwa nimeketi juu ya gunia nafanya mazoezi ya hesabu niliposikia sauti yake ikikwaruza upande wa pili wa mbao. Sauti ya mtu aliyeogopa, anayepiga kelele ili asisikike anaogopa.

"Binti yangu apande wa kwanza. Munanisikia? Batu ba nyumba tu. Muntu mwingine hapana, hata akilia. Gari haina fasi. Hata yeye akikataa, mumupandishe."

Hata yeye akikataa, mumupandishe. Alimjua binti yake.

Gari liliondoka asubuhi, watu wakiwa wamejaa barabarani na kila mmoja akiliomba nafasi. Shofere alikuwa mtu mpole, mwenye aibu, aliyekuwa akitupatia miwa kila gari lilipopita Lushebere. Alimpandisha Kavira mbele. Kavira akauliza mimi nitakaa wapi. Shofere akaangalia chini. Kavira akafungua mlango wa upande wa pili, akashuka, akaja akasimama kando yangu, akanishika kiganja.

"Kama Anti hapandi, na mi sipandi."

"Dada, usinilaumu," shofere akasema. "Ni sauti ya papa yako."

Akambeba. Kavira alikuwa mtu mzima kama mimi, lakini alibebwa kama mtoto anayekataa kuoga, miguu hewani. Alishuka tena kupitia upande wa mizigo, kanga ikachanika kwenye msumari. Safari hii wapakiaji wawili walimrudisha na wakabaki wamemshika mikono, huku na huku, na gari likaanza kutembea. Hakuwa akilia. Alikuwa na hasira niliyokuwa sijawahi kuiona usoni mwake, hasira ambayo siku zote ilikuwa yangu mimi, na alikuwa akiita, "Anti! Anti!" mpaka kona ya kwanza. Prof alikimbia nyuma ya gari hatua chache, miwani mkononi, kisha akasimama katikati ya barabara. Mimi sikukimbia. Nilisimama na vitabu vyetu wote wawili, nikikasirikia gari, na baba yake, na kila aliyekuwa amekaa ndani.

Baada ya siku chache mpakiaji mmoja alirudi kwa miguu. Gari lilikuwa limeviziwa kwenye daraja. Alilieleza jambo hilo akiwa amesimama mlangoni mwa bohari, hataki kuketi, na zamu ya kumtaja Kavira ilipofika alisema tu, "Na ule dada pia." Mama Jeanne alipiga yowe. Prof aliugeukia mlango, ule mduara wake wa nukta ukiwa bado pale, akavua shati lake, akaufuta kwalo, polepole, kuanzia juu mpaka chini. Akavaa shati lile jeusi la mkaa, akatoka. Tulipotembea tena msituni, na baadaye tuliporudi, na miaka yote aliyofundisha baada ya hapo hadi kustaafu, hakulifundisha tena lile somo. Wanafunzi waliokuja baada yetu hawakujua kwamba aliwahi kujua kitu kuhusu nyutrino.

Nimejaribu kujifariji kwa fizikia, na siwashauri wengine. Ni kweli kwamba iliyopokelewa ndiyo iliyokwisha, na iliyokataliwa ikaendelea na safari. Ni kweli kwamba mlango uliofungwa usoni mwangu ndio sababu ninaandika haya. Lakini antinyutrino haina rafiki anayebishana na plomb kwa ajili yake. Nyutrino haina baba kwenye fonia, umbali wa milima mizima, anayetoa amri ya pekee aliyobaki nayo, kwa upendo wote alionao. Nilimchukia Papa Kasereka mwezi mzima. Kisha, tulipokuwa tumerudi kutoka msituni, akafika Walikale, njia ilipofunguka, amekonda, anatafuta mtu yeyote aliyemwona mwanawe. Alipoambiwa mimi ni nani, alinishika kichwa kwa mikono miwili, akakaa hivyo barabarani, mbele ya watu. Akanichukua. Mtihani nilifanyia Butembo mwaka uliofuata, nikilala kwenye chumba cha Kavira. Alinifungulia mlango wake wote, na ndani ya nyumba ile nilibeba sauti yake ya fonia kama mtu anayebeba kaa la moto kwenye mfuko wa sketi.

Hayo yote sikuyasema kwenye matanga. Nilikuwa nimerudi kwenye kiti changu, wanakwaya walikuwa wanapumzika, na vijana walikuwa wanaingia ndani kwenda kuinua jeneza, wakati Papa Kasereka aliponiita kwa kidole.

"Riziki, ikala hapa."

Nikaketi kando yake. Mkono wake ulikuwa mwepesi sana juu ya wangu.

"Prof alikuwa anajua," akasema. "Lakini siku zote niliogopa kumuuliza. Sasa yeye anaenda. Nabakia na weye tu." Alipumua. "Mutoto yangu, ile siku ya gari. Kavira alipandaka mwenyewe?"

Mimi ambaye nimebisha na kila mtu. Mimi ambaye sijawahi kumwachia mtu kosa la hesabu lipite, hata la bei ya nyanya. Nilimtazama mzee yule, shingo yake ndani ya koti, macho yake yakinisubiri bila kupepesa.

"Alipanda mwenyewe, Papa. Alikuwa anacheka. Aliniambia tutakutana ku mutihani."

Aliendelea kunitazama. Wanawake walikuwa wameanza kulia kule mlangoni, na mtu alikuwa akisema tupishe njia.

"Unanidanganya, mutoto yangu," Papa Kasereka akasema. "Asante."

Kisha akaniomba nimsaidie kusimama, kwa kuwa jeneza lilikuwa linatoka.